Sakafu ya Chelezo cha Pili

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mwenyewe, maana Badshah Mia, mwenzetu wa yadini, ameshalisema katika kila kibanda cha chai kuanzia lango la yadi mpaka sokoni. Wengine wana sukari, wengine wana presha, mimi nina wivu, na aliyekuwa akinipandishia kuliko wote ni shemeji yangu Tofail, mume wa mdogo wangu Monowara.

Tofail nilimfundisha mimi. Alikuja yadini kwetu, hapa mto Karnaphuli, ana cheti cha chuo mfukoni na hajui kabari inaingizwa upande gani. Nikamweka kwenye kundi langu la maseremala wa chelezo, nikamwozesha na mdogo wangu, nikala biriani ya harusi yake nikijiona nimefanya jambo kubwa.

Kazi yetu ni kupanga magogo. Meli ikiingia kwenye chelezo, lango linafungwa nyuma yake, maji yanavutwa nje kwa pampu, na meli inashuka taratibu mpaka mkuku wake, ule uti wa mgongo wa chini, unakalia safu ya magogo tuliyoipanga sakafuni: zege chini, mbao juu. Ukikosea kwa unene wa kidole, tani elfu mbili zitakukumbusha.

Tulikuwa na vyelezo viwili, na ungeviona ungedhani vimejengwa na watu waliogombana. Cha kwanza kilikuwa cha meli za jeshi la majini, cha pili cha meli za biashara. Magogo ya huku hayakufaa kule. Mpira wa maji wa Chelezo cha Kwanza haukuingia kwenye bomba la Chelezo cha Pili hata ukiupaka sabuni. Plagi za umeme zilikuwa za aina tano. Meli ya doria ikija na chelezo chake kina mgonjwa mwingine, ilingoja mtoni mpaka iote kome tumboni, huku chelezo cha pili kiko wazi kimepiga miayo. Sisi mafundi tulikuwa tunachonga viunganishi, huku duara huku pembe, tunafunga raba, tunasema bismillahi, tunawasha. Mimi nilikuwa na viunganishi thelathini na sita, nimevitundika ukutani kwa mpangilio ninaoujua mwenyewe. Hakuna mhandisi aliyefanya kazi bila kupita kwangu. "Fundi Absar, tusaidie kile cha inchi nne." Walikuwa wananihitaji, na mimi nilikuwa napenda kuhitajiwa.

Kisha ikaamuliwa kwamba vyelezo vyote viwe na kipimo kimoja: magogo ya urefu mmoja, mbao za aina moja, plagi moja, mdomo mmoja wa mpira, ili meli ya jeshi na meli ya mafuta ziweze kukaa popote palipo wazi. Wakamtafuta mtu wa kuisimamia kazi hiyo. Nilinyoa ndevu asubuhi ile. Wakamtaja Tofail.

Wakampeleka Korea miezi mitano. Akarudi na kofia ngumu nyeupe, ile ya wakubwa, na jalada nene kama mto wa kulalia. Viunganishi vyangu thelathini na sita vikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja mwenyewe kuniomba radhi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu akikupokonya, afadhali akupokonye na matusi.

"Fundi, bila hivi vyako yadi hii ingekufa zamani," aliniambia. "Ila sasa tusiwe yadi ya kuungaunga."

"Wewe ndiye mkubwa," nikamjibu.

"Mkubwa wapi, shemeji? Mimi ni karani wa kuandika unayoyajua wewe."

Badshah Mia, aliyekuwa akibeba kabari pembeni, akacheka mpaka akaziangusha. "Fundi Absar, umepata karani mwenye kofia nyeupe! Mwambie akakuletee chai!"

Nyumbani nako hakukuwa na mapumziko. Friji ikiharibika, mke wangu Shefali anasema, "Tumuulize Tofail." Mwanangu anatafuta chuo, "Tumuulize mjomba Tofail." Kamanda Quddus, askari wa majini mstaafu aliyekuwa mkuu wa yadi yetu, alikuwa akimwita Tofail "mwanangu" mbele za watu. Mimi nimemtumikia miaka kumi na mmoja, na aliniita "wewe bwana". Siku moja nilimkuta Tofail amesimama jua kali akizungumza na wahandisi wa jeshi, wote wamemzunguka wakiandika, nikajikuta natamani ajikwae. Kidogo tu, apige goti, kofia ianguke. Hakujikwaa.

Katika vipimo vipya kulikuwa na amri moja iliyonigusa mwilini: hakuna kutembea peku kwenye sakafu ya chelezo, buti kwa kila mtu. Nani aliyekuwa anatembea peku? Mimi peke yangu. Nilifundishwa na aliyenitangulia, naye na aliyemtangulia, kwamba maji yakishatoka unavua viatu na unaitembea sakafu yote, hata chini ya meli, kabla ya kugusa gogo. Wageni walidhani ni dua. Ilikuwa ni kupima.

Maana sakafu ya Chelezo cha Pili ilikuwa na tabia. Siku za maji mafu, mto usipojaa sana, ililala sawasawa kama meza. Lakini wakati wa bamvu, mto unapojaa mpaka ukingoni, maji yalipenya udongo wa chini na kuisukuma sakafu kwenda juu. Haikuinuka yote, ilikuwa sehemu moja tu karibu na lango, kuanzia gogo la kumi na nne mpaka la kumi na saba. Iliinuka unene wa kidole, pengine na nusu. Kwa macho huoni kitu, ila nyayo zinasikia, kwa sababu pale panakuwa pamekaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa. Sisi wa zamani tulikuwa na dawa: magogo hayo manne tuliyavika mbao za msufi, laini, zinazobonyea. Sakafu ikiinuka, msufi unabonyea, meli haijui kilichotokea.

Tofail aliijua mbao ya msufi, alishawahi kuibeba. Nilimwambia zamani kwamba tunaitumia pale kwa kuwa mbao ngumu ni haba. Ndiyo, nilimdanganya hata wakati ule, wakati bado nampenda. Fundi hamwagi vyote kwa mwanafunzi, utabaki na nini?

Sasa yeye akaipima sakafu kwa mashine za mwanga, wiki nzima, kwa uangalifu wote. Aliipima wakati wa maji mafu. Angeipima lini? Wakati wa bamvu chelezo hakiwi kitupu kamwe, kwa kuwa ndio wakati meli kubwa huingia, mto ukiwa na kina. Mashine ikamwambia sakafu imenyooka. Akaandika: mbao ngumu, magogo yote, kimo kimoja. Msufi ukaandikwa takataka.

Jaribio la kwanza likapangwa. *Torongo*, meli ya doria ya jeshi, ingeingia Chelezo cha Pili, chelezo cha biashara, kwa mara ya kwanza tangu yadi ijengwe. Ikikaa vizuri, jeshi lingetia saini kutuletea meli zake zote. Isipokaa vizuri, kipimo kimoja kingezikwa na Tofail pamoja nacho. Siku iliyochaguliwa ilikuwa ya bamvu.

Ijumaa kabla ya siku hiyo tulialikwa kwa Monowara. Alikuwa amepika nyama ya ng'ombe ya mezban, ile ya karamu za kwetu, nyekundu, yenye pilipili ya kutoa machozi, na Tofail hakuwa anakula. Alikuwa anaviringisha tonge la wali kwenye sahani.

"Shemeji," akasema, "nikuulize kitu. Ile sakafu ya Chelezo cha Pili. Kuna kitu chake sijakiandika?"

"Si umepima?"

"Nimepima. Ila wewe ulikuwa unaitembea peku. Mtu hatembei peku miaka yote kwa kupenda baridi."

"Mazoea tu. Kula, nyama inapoa."

Akala tonge moja. Akaniuliza tena. "Na zile mbao za msufi? Kweli ilikuwa uhaba tu?"

"Uhaba tu."

Monowara alikuwa amesimama na bakuli, hajaliweka mezani. "Kaka, kama kuna kitu mwambie. Tangu juzi halali."

"Nyie watu, mbona mnanihoji kama polisi? Mwenye mashine ni mimi au yeye?"

Tofail akacheka kwa aibu, akaniomba samahani. Tulipofika mlangoni, wakati navaa viatu, akaniuliza mara ya tatu, kwa sauti ya chini ili mke wangu asisikie. "Fundi, niambie tu kwamba nilale."

"Lala," nikamwambia.

Mtasema mimi ni shetani. Niliporudi nyumbani nilijiambia kwamba labda safari hii sakafu haitainuka. Nikajiambia vile vile kwamba nikimwambia ataandika, na kikishaandikwa kitakuwa chake, watamshangilia kwa kukigundua, na mimi nitabaki na nyayo za kukanyagia matope. Hilo la pili ndilo lililonishinda. Kile kilikuwa kitu cha mwisho nilichokuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho.

*Torongo* iliingia saa sita mchana, mto ukiwa unapanda, imepakwa rangi, mabaharia wamejipanga juu kama harusi. Lango likafungwa, pampu zikanguruma. Mimi nilisimama ukingoni na buti zangu. Maji yakashuka, meli ikakaa kwenye magogo, wapiga mbizi wakatoa ishara ya salama, na watu wakapiga makofi. Kamanda Quddus akamshika Tofail begani. Sahani za jilapi, vitamu vya sukari vya moto, zikaanza kuzungushwa. Badshah Mia akaniletea moja, akaniambia, "Kula, Fundi, ya shemeji yako tamu." Niliitafuna bila kuisikia.

Saa tisa, maji yakiwa yamekwisha kabisa na mto nje ukiwa umefika juu kabisa, tukasikia mlio kutoka chini, karibu na lango. Ulikuwa kama mtu anavunja muwa kwenye goti, kisha mwingine, kisha mngurumo mrefu wa chuma. Mimi nilifurahi. Nasema kweli, furaha ilinipanda mpaka masikioni. Halafu nikamwona Tofail anaruka ngazi mbili mbili kwenda chini ya meli ile, nami nikaikimbilia ngazi.

Hakuumia mtu. Gogo la kumi na tano lilipasuka, na mabamba ya tumbo la *Torongo* yakabonyea ndani, eneo la ukubwa wa kitanda cha watu wawili. Matengenezo ya wiki tatu yakawa ya miezi minne.

Kamati ikakaa ukumbi wa chakula, feni zinazunguka, Kamanda Quddus katikati na maofisa wawili wa jeshi kila upande. Tofail aliweka vipimo vyake vyote mezani. Walivikagua siku mbili, hawakuona kosa. Walikuwa wameshatambua kwamba sakafu iliinuka. Wakataka kujua kama kulikuwa na njia ya kujua kabla.

"Hapakuwa na njia," akasema Tofail. Macho yake yalikuwa mekundu. "Fundi Absar yule pale anaijua sakafu ile kuliko mtu yeyote aliye hai. Kama yeye hakujua, basi hakuna aliyeweza kujua."

Alikuwa ananitetea. Ningekaa kimya tu, mambo yangeisha. Yeye angesafika, mimi ningesafika, meli ingenyooshwa. Kamanda akatikisa kichwa, akamwambia mwandishi, "Andika: tukio lisilotarajiwa. Tutafunga vipimo vya umeme chini ya sakafu. Haya mambo ya miguu hayakuwahi kuwa na maana yoyote, yamekwisha."

Hayakuwahi kuwa na maana yoyote. Miaka thelathini na mmoja ya nyayo zangu! Nilisimama kabla sijajua nasimama.

"Nilijua," nikasema.

Kamanda akavua miwani. "Ulijua nini, wewe bwana?"

Nikawaambia yote: bamvu, gogo la kumi na nne mpaka la kumi na saba, kidole na nusu, msufi. Niliongea vizuri kuliko nilivyowahi kuongea maishani mwangu. Maofisa walikuwa wanaandika, wananitazama mimi, kwa mara ya kwanza wananitazama mimi. Nilipomaliza, ofisa mmoja akauliza swali ambalo hata mtoto angeuliza.

"Kwa nini hukumwambia msimamizi?"

Nikamtazama Tofail. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya jalada lake, anangoja. Alijua alichoniuliza, na mara ngapi.

"Sikuulizwa," nikasema.

Feni zikazunguka. Nilingoja apaaze sauti, aape, amwite Monowara atoe ushahidi.

"Ni kweli, mwanangu?" Kamanda akamuuliza. "Una mtu kama huyu, na hukumuuliza?"

"Lawama ni yangu, bwana," akasema Tofail.

Wakamhamishia Narayanganj, kwenye yadi ndogo ya vivuko, chini ya mtu aliyekuwa amemzidi umri miaka miwili tu na mwenye akili kidogo sana. Kofia nyeupe nikapewa mimi, na meza, na karani wa kweli. Kipimo kimoja hakikuzikwa. Kilirekebishwa kwa maelezo yangu na jeshi likatia saini. Kamanda akaanza kuniita "Fundi Absar". Wiki nzima nilitembea yadini polepole kuliko kawaida ili watu wapate muda wa kuniona. Badshah Mia peke yake hakunitania tena, na kwa Badshah Mia hilo ni tusi.

Siku ya kuondoka Monowara alikuja kwangu. Hakuketi. Shefali alimletea chai na biskuti, akaiacha ipoe.

"Nilitaka kwenda kwa Kamanda nikaseme," akaniambia. "Nilikuwepo. Nilishika bakuli. Amenikataza."

"Kwa nini?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, 'Mimi nikinyamaza nahamishwa. Nikisema, kaka yako anafukuzwa, na umri ule ataenda wapi? Yule ndiye aliyenipa kazi, akanipa na wewe.'" Akafuta uso kwa pembe ya sari. "Na analala, kaka. Siku hizi analala usingizi mzito. Mimi ndiye silali."

Akaenda zake. Sikumsindikiza hata mlangoni.

Nikabaki nimekaa. Analala! Mimi tangu siku ile ya kamati nilikuwa nahesabu vigae vya dari. Kazi nimemchukulia, jina nimemchukulia, nimemtoa mjini, na bado yule mtu amenizidi. Amenisamehe bila hata kuniambia kwamba amenisamehe, amenibeba kama anavyobebwa mzee asiyejiweza, na kila atakayelijua jambo hili siku moja atasema Tofail ni mtu. Siku tatu lilinichoma. Nililionea wivu lile tendo lake kuliko nilivyoionea wivu kofia.

Siku ya nne nikaenda ofisini kwa Kamanda Quddus, nikafunga mlango.

"Aliniuliza," nikasema. "Mara tatu. Mezani mara mbili na mlangoni mara moja. Nilimwambia alale."

Alikasirika, lakini alikuwa askari, alikasirika kwa utaratibu. Akatoa karatasi, akaniambia kwamba hapo kazi yangu imekwisha, kwamba Tofail atarudishwa mwezi huo huo, na kwamba lazima aandike maelezo yangu.

"Hakuna aliyekulazimisha," akasema. "Hakuna aliyejua. Kwa nini unasema leo?"

"Wivu, bwana."

"Wivu wa nini?"

"Sikuweza kuvumilia anizidi na kwa hilo."

Kamanda akashika kalamu, akafikiri, akaandika kwa herufi kubwa za kijeshi ambazo niliweza kuzisoma kutoka upande wangu wa meza. *Sababu ya kukiri: dhamiri.*

Nilimwambia afute, kwamba si kweli. Akasaini, akapiga muhuri, akanionyesha mlango.